Siku tuliyokuta kambale hai kwenye buti la gari letu, bandari ya Stanleyville

Wakuu, salaam kwenu nyote, pamoja na ndugu zangu wa Kongo mnaosoma humu kimyakimya bila kujitokeza.

Nimeona kijana kaanzisha uzi akiuliza akague nini gari lake likishashushwa bandarini. Majibu ni mengi na ni mazuri. Mimi ni bibi wa miaka themanini na ushee, nipo Kigoma kwa binti yangu, nachapa kwa kidole kimoja. Nitawapa yaliyonikuta, na sitaongeza chumvi. Chumvi yenyewe daktari alishanikataza.

Ni miaka ya hamsini, kuelekea mwishoni. Kisangani bado inaitwa Stanleyville, sisi tunasema Stan tu.

Mume wangu Ramazani alikuwa dereva wa Mbelgiji mmoja mwenye shamba la kahawa. Sote wawili ni watu wa Maniema, tulihamia Stan kutafuta maisha, na tuliishi kwenye chumba nyuma ya nyumba ya bosi. Ndoto ya Ramazani ilikuwa moja: taksi yake mwenyewe.

Akapata second-hand kule Léopoldville, ya mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Milango minne, rangi ya maziwa. Gari likapakiwa kwenye tishari, lile bapa linalosukumwa na meli, lije kwetu kwa kupanda mto.

Mume wangu na haraka zake, aliposikia tu limepakiwa akaaga kazi. Bosi akacheka, akamwambia atarudi kuomba. Chumba tukakirudisha, tukahamia kwa tonton yake, yaani mjomba wake, mtoto wetu Zaina akiwa mgongoni kwangu.

Sasa sikilizeni.

Mto ulikuwa umepungua maji. Tishari letu likakwama kwenye mchanga karibu na Barumbu, huko chini. Meli ya barua ikalipita, ikafika Stan kwanza, na ikaja na habari: pale Barumbu kitu cheupe chenye mlango kimeanguka mtoni.

Midomo ya mji ule mnaijua wenyewe. Habari ilipofika sokoni, kitu cheupe kilishakuwa gari, na gari lilishakuwa letu. Watu wakaanza kuja kutupa pole. Jirani mmoja alileta hadi sufuria la wali, kama msibani. Ramazani hakugusa.

Tishari lilipofika nikamfuata bandarini. Alisema bandari si mahali pa mwanamke. Nikamwambia gari ni letu wote, na nikaenda.

Tukalikuta limeshashushwa, limesimama kwa matairi yake. Nikasema alhamdulillah. Ramazani bado alikuwa na shaka. Alijua gari lililozama linaweza kuvutwa, likafutwa, na likaletwa linang'aa.

Mzungu wa pale bandarini akamweleza sharti. Ukilitoa getini ni lako na ubovu wake. Ukilikataa, linarudi Léopoldville na tishari hilohilo. Kulikataa maana yake ni kungoja miezi, hatuna kazi na hatuna chumba.

Akaanza kukagua. Taa nzima, vioo vizima, rangi haina mkwaruzo. Akafungua mlango wa nyuma.

Harufu ya mto ikatupiga usoni. Chini pamelowa. Kiti kina matope na majani mabichi.

Akafungua buti. Ndani kuna kambale. Kwetu anaitwa ngolo. Mkubwa, na masharubu yake, tena yuko hai. Anapumua polepole anatutazama.

Wakuu, kule kila mtu anajua ngolo hafi upesi akitolewa majini. Kwa hiyo kwetu sisi jambo lilikuwa wazi: gari limezama Barumbu, samaki kaingia, wakalivuta naye yumo. Wapagazi waliokuwa karibu wakatikisa vichwa. Mmoja alivua kofia.

Ramazani akakaa juu ya gunia la mtu. Akasema kwa sauti ya chini kwamba anakwenda kumwambia mzungu alirudishe, halafu atakwenda kumwangukia bosi. Niliumia moyo kuliko ninavyoweza kuandika hapa.

"Papa Zaina," nikamwambia, "fungula moteur kwanza. Kama ilikufa, tujue leo. Kesho haitafufuka."

"Niko naogopa, mama Zaina."

Sikuwahi kumsikia akilitamka neno hilo, wala sikulisikia tena. Lakini aliinuka. Akafungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili.

Wenye magari mnajua, maji yakiingia kwenye injini oili inabadilika inakuwa kama chai ya maziwa. Ile ilikuwa oili ya kawaida kabisa.

Mngedhani atafurahi. Wapi. Akasema wameibadilisha ili wamdanganye. Mtu akishashikwa na hofu, hata dalili njema anaiona ni mtego.

Mara akatokea mama mmoja mchuuzi, mtu wa Isangi kwa matamshi yake, anakimbia na beseni. Salamu hakuna. Akainama butini, akamdaka ngolo nyuma ya kichwa, akamtia kwenye beseni. Kisha akamgeukia mume wangu bila haya yoyote.

"Bon, tonton, na ule mwingine iko wapi? Niliweka mbili."

 Nikamuuliza mimi: uliweka lini, na kwa nini humu?

Akaeleza huku anachungulia chini ya viti. Alikuwa abiria wa tishari letu, na walipokwama pale mchangani jua lilikuwa kali, na samaki wake wangekufa. Gari lilikuwa na kivuli na halikufungwa. Akawafunika kwa majani mabichi, kila asubuhi akawa anawamwagia maji. Kiti cha nyuma alilala yeye mwenyewe na miguu yake ya matope.

"Na gari?" Ramazani akauliza. "Haikuanguka mu maji?"

"Gari hii? Haikutoka hata fasi yake. Ile ilianguka ni frigo ya commerçant mumoja. Ule papa alilia sana, alors sisi wote tukamuhurumia."

Frigo, wakuu, yaani friji la mfanyabiashara. Nyeupe, na ina mlango.

Nilicheka mpaka Zaina akaamka mgongoni akaanza kulia, na mimi nikajikuta nalia naye. Ramazani akaingia kwenye usukani kumtafuta yule samaki wa pili. Samaki alikuwa amejipenyeza kutoka butini mpaka chini ya kiti cha dereva, akampiga mkia kifundoni. Mume wangu aliruka nje, na gati zima likacheka.

Betri ilikuwa imelala, wapagazi wakatusukuma. Injini ikakohoa, ikanyamaza, ikakohoa tena, ikawaka. Nimezaa watoto saba na sauti ya kwanza ya kila mmoja naikumbuka. Ile ya injini nimeiweka pamoja nazo.

Ramazani alitia sahihi ya kulitoa getini. Abiria wetu wa kwanza alikuwa mama wa Isangi na beseni lake, mpaka sokoni. Gari lilinuka samaki mwezi mzima, abiria wakalalamika, na walipanda hivyohivyo. Taksi ile ndiyo iliyotulea.

Nilichojifunza ni hiki. Kagua vyote mlivyotajiwa humu, lakini anza na kile unachoogopa kukiona. Ramazani alilijua gari kuliko mimi, na bado nusura akatae gari zima kwa sababu ya frigo ya mtu mwingine.

Haya, mliopokea magari yenu mwageni ya kwenu, mlikuta nini ndani? Nitasoma zote, miwani ninayo. Na wewe kijana mwenye gari bandarini, kesho nenda kafungue boneti kabla hujamsikiliza mtu. Ukikuta samaki, mtafute kwanza mwenye samaki, ndipo ulie.