Penseli Sikioni

Miaka ya sabini nilikuwa seremala wa Tororo, nikifanya kazi Malaba, upande wa Kenya, kwa kibali cha muda. Siku moja nilivuka kurudi Uganda kumtengenezea mama mlango. Wakati huo wanajeshi wa Uganda walikuwa wakikamata mafundi na kuwapeleka kambini, na wengine hawakurudi. Nikirejea Malaba, mwanajeshi mmoja mpakani akaniuliza kazi yangu.

“Mkulima tu, afande.”

Akanikazia macho. Kisha akasema, “Pita.”

Upande wa Kenya, karani wa vibali akacheka. “Karibu, seremala.”

“Umejuaje?”

Akanyoshea kidole sikio langu. Mjinga mimi! Penseli ya kuchorea mbao ilikuwa hapo tangu asubuhi. Mwanajeshi lazima aliiona, na bado akanipitisha. Na mlango wa mama ulikuwa haujaisha; ilinibidi nivuke tena.