Kisomo cha Likizo

Mwalimu Mkuu wetu wa shule ya msingi alikuwa na kabati la vitabu, na kazi ya kabati hilo ilikuwa kufungwa. Lilikaa ofisini nyuma ya kiti chake, la mninga, na kufuli lake lingefaa zaidi duka la ushirika siku ambayo sukari imeingia. Tangu darasa la kwanza mpaka la sita sikuwahi kumwona mtu akilifungua. Tuliambiwa ndani mna vitabu vilivyoletwa na wizara. Ukiuliza kwa nini hatupewi tukasoma, unaambiwa vikisomwa vitachakaa. Hoja nzito. Hata mie nisingependa kuchakaa, ila mie sikuwa na kabati la kujificha.

Sasa niko kidato cha pili na nimeazima vitabu vya kutosha, kwa hiyo naweza kuyaandika haya bila hasira nyingi. Lakini wakati ule kabati lile lilininyima raha. Nyumbani kwetu Mtoni tulikuwa na kitabu kimoja tu. Hakikuwa na jalada wala kurasa za mwanzo, kilianzia katikati ya sentensi, "...naye punda akakataa katakata." Punda alikataa nini, sikujua. Nilimsomea bibi yangu kitabu hicho karibu kila jioni akichambua mchele, na kwa kuwa bibi hakubali hadithi isiyo na kichwa, nilimtungia mwanzo. Kesho yake akiuliza tena, namtungia mwingine. Hakuna aliyelalamika isipokuwa punda.

Mtu anayesoma haya asidhani nilikuwa mzungumzaji. Kwa bibi, ndiyo. Nje ya hapo nilikuwa na aibu kiasi kwamba darasani waliniita Bubu, na mie nikaitika, maana kukataa kungehitaji kusema.

Siku tunafunga shule kwa likizo ndefu, Mwalimu Mkuu alisimama mbele ya mlingoti wa bendera akatangaza mpango mpya. Kila mwanafunzi na kila mwalimu asome kitabu wakati wa likizo. Jumamosi ya kwanza baada ya kufungua shule, kila mmoja atasimama mbele ya wenzake aeleze alichosoma, na wazazi wakaribishwe. Atakayeeleza vizuri kuliko wote atakuwa wa kwanza kuazima kitabu kabatini.

"Na shughuli hii," akasema, "itaitwa Kisomo cha Likizo."

Neno hilo alilipenda sana. Miaka ile kisomo kilikuwa kila mahali. Watu wazima walikuwa wakienda kwenye kisomo jioni, wanashika chaki kama wameshika nge, na Mwalimu Mkuu alikuwa mmoja wa wafundishaji. Yeye alikuwa mtu wa bara, Mkristo, na kisomo alichokijua ni hicho cha a, e, i, o, u. Tutapata wapi vitabu vya kusoma, hilo hakulisema. Kabati lilibaki limefungwa, lisije likachakaa.

Ujumbe wa wazazi alipewa balozi wetu wa nyumba kumi aupitishe kwa mdomo. Balozi alikuwa na sifa moja kubwa: hakuwahi kukiri kwamba kuna jambo halijui. Alitukuta mie, bibi na jirani yetu, mama mmoja muuza vitumbua, tumekaa kibarazani.

"Jumamosi ya kufungua kuna kisomo shuleni," akasema. "Wazazi wote."

Bibi akaacha kuchambua mchele. "Kisomo cha nani?"

Balozi akafikiri kidogo. "Cha serikali."

"Serikali imefiwa?"

"Mama, mie nimetumwa. Kisomo ni kisomo." Akaondoka haraka, ana nyumba nyingine za kuzichanganya.

Huku kwetu, kwa wasiojua, kisomo ni dua. Mtu akifa, au nyumba ikiingiwa na mambo, watu huitwa, Kurani husomwa, ubani hufukizwa, halafu watu hula. Bibi na mama vitumbua walitazamana, na kabla balozi hajapinda kona walikuwa wameshapata jibu.

"Ni kile choo," akasema mama vitumbua.

"Nilisema mie," akasema bibi. "Si nilisema? Unachimba choo cha watoto ubavuni mwa makaburi, unategemea nini? Afadhali wamejirudi."

Nilijaribu. Nikasema, "Bibi, si kisomo hicho. Ni kueleza vitabu tulivyosoma."

"Wewe mtoto. Kisomo mie nimekijua mama yako hajazaliwa. Leo utanifundisha wewe?"

Nikanyamaza. Kunyamaza nilikuwa nakujua vizuri.

Jumamosi ikafika. Tulipangwa uwanjani kimadarasa, walimu wamekaa kwenye viti mbele yetu, na Mwalimu Mkuu amevaa suti yake ya mikono mifupi ya sherehe. Wazazi hawakuonekana. Alisema bila shaka wamechelewa kwa sababu ya kazi za ujenzi wa taifa, tukaanza.

Wa kwanza alieleza kwamba amesoma daftari lake la Jiografia. Wa pili amesoma daftari la wa kwanza. Wa tatu amesoma maandishi yaliyo kwenye gunia la mbolea, pande zote mbili, akapongezwa kwa ukamilifu. Kisha akasimama kiranja mkuu, kijana mwenye sauti ya kuamrisha mchakamchaka, ambaye hata salamu aliisema kama risala.

"Nimesoma kitabu kiitwacho Ushindi wa Jembe Duniani, Juzuu ya Pili."

Walimu wakatikisa vichwa kwa heshima.

"Kinahusu nini?" akauliza Mwalimu Mkuu.

"Kinahusu jembe, mwalimu."

"Na mwisho wake?"

"Lilishinda."

Tukapiga makofi. Ungepinga vipi?

Wakafuata walimu, maana mpango ulikuwa wa usawa. Mwalimu wa Hesabu alisema amesoma magazeti, na akawa mkweli kwamba ni yale yaliyokuja yamefungia dagaa, kwa hiyo anajua waziri alikwenda ziara lakini hajui kama alirudi. Mwalimu wa Siasa alisoma hotuba ileile aliyotusomea mwaka uliopita, akatukumbusha kwamba hatukuielewa. Mwalimu wa darasa letu, mama mpole, akasimama na mtoto mgongoni.

"Mie sikusoma," akasema. "Nilijifungua."

Mwalimu Mkuu akakohoa. "Hiyo nayo," akasema, "ni elimu ya kujitegemea."

Ndipo nikaitwa mie. Miguu ilienda mbele, sauti ikabaki kwenye mstari wa darasa la sita. Nilikuwa nimekishika kitabu changu kwa mikono miwili kama sahani ya mchuzi, na nilikijua chote, punda, mfanyabiashara, mto, yote. Niliona nikitoa sentensi tatu tu zitakazosikika, kabati ni langu.

"Jina la kitabu?" akauliza Mwalimu Mkuu.

"Hakina, mwalimu."

"Sema kwa sauti."

"Hakina jina."

"Mwandishi?"

"Hayupo."

"Amefariki?"

"Amechanika, mwalimu."

Shule nzima ikacheka. Hata mtoto wa mwalimu mgongoni aliamka. Mwalimu Mkuu aliinua mkono, akaeleza kwa upole wa kuudhi kwamba kitabu kisicho na jina wala mwandishi hakiwezi kuhesabika kuwa kimesomwa, kwa sababu kitaandikwaje kwenye ripoti? "Kaa chini, binti."

Nikakaa. Nilikuwa nimesoma kitabu kizima nikashindwa na mtu aliyesoma gunia. Nilitazama vidole vya miguu yangu, nikasikia jina la kiranja mkuu likianza kutajwa kwenye hitimisho.

Kilichomkatiza Mwalimu Mkuu kilikuwa harufu. Ubani ulitangulia, kisha wakaingia wenyewe: bibi mbele na chetezo kinachofuka, nyuma yake mama vitumbua na wanawake wa mtaa wamejitwika masinia ya pilau, wengine mikeka kwapani, na mwisho kabisa mwalimu wa madrasa, mzee mwembamba, anakunja kanzu asikanyage matope ya bomba.

Mwalimu Mkuu aliinuka. "Shikamooni, mama zangu. Kuna nini?"

"Marahaba. Si kisomo," akasema bibi.

"Ndiyo, tunaendelea nacho."

Bibi akasimama. "Mnaendelea vipi? Ubani ninao mie."

"Ubani wa nini, mama?"

"Mwanangu, kwani huko kwenu bara mnafukiza nini?"

Mwalimu Mkuu akamgeukia mwalimu wa Hesabu, ambaye ni mtu wa pwani na alikuwa ameshaelewa kila kitu, lakini alikuwa anatazama pilau. "Mkuu," akamwambia kwa sauti ya chini, "hapa kuzuia hakuna. Tuwapeleke chooni."

Ikawa hivyo. Msafara ukaenda kwenye choo kipya, mzee wa madrasa akasoma dua, wanawake wakaitikia amina, na Mwalimu Mkuu akasimama pembeni amefumba macho na kukutanisha mikono kama yuko kanisani. Sijui yeye aliomba nini. Nadhani aliomba mkaguzi asitokee.

Mikeka ikatandikwa uwanjani, tukala, walimu kwanza. Mwalimu Mkuu alipokuwa na tonge mkononi, bibi akamuuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Na huyu mjukuu wangu kasoma chake?"

"Alisimama, mama. Lakini kitabu chake hakina jina."

"Mwanao akizaliwa anapewa jina siku ile ile?"

"Sisi... inategemea."

"Wetu anakaa siku saba hana jina, na ziwa ananyonya. Mwache asome."

Mama vitumbua akamwongezea Mwalimu Mkuu nyama kwenye sahani, taratibu, huku akimtazama. Mtu wa bara naye ana moyo. "Basi aeleze," akasema.

Sikusimama. Kama ningeambiwa nisimame, naamini mpaka leo ningekuwa pale nimesimama. Nilikaa mkekani karibu na bibi, nikamweleza yeye, kama jioni yoyote. Nilipofika kwa yule punda bibi akanikatiza.

"Hapana. Juzi alikataa kuvuka mto."

"Mie umeniambia alikataa kuuzwa," akasema mama vitumbua.

"Nani kakwambia?"

"Si ni wewe? Nawe umeambiwa na huyu."

Wakaanza kubishana, wengine wakaingilia, kila mmoja ana punda wake. Nikalazimika kupaza sauti kuwarudisha kwenye hadithi, na hapo ndipo nilipogundua kwamba darasa la pili limesogea, la tatu limekaa juu ya la pili, na Bubu anapiga kelele. Nilipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Waliuliza maswali, jambo lililonifurahisha zaidi.

Mwalimu Mkuu, mtu wa haki, akasema ni lazima na kiranja mkuu apewe nafasi ya kueleza tena mbele ya wazazi. Kiranja akasimama na sauti yake.

"Jembe lilishinda," akasema.

"Lilimshinda nani?" akauliza mama vitumbua.

"Maadui."

"Kina nani hao, baba?"

Kiranja akatazama bendera. "Hao wamo juzuu ya kwanza."

Bibi akafunika mdomo kwa kanga. Nikatangazwa mie.

Jumatatu niliingia ofisini. Mwalimu Mkuu alitoa ufunguo mfukoni, akahangaika na kufuli mpaka likakubali, milango ikalia. Vitabu vilikuwemo kweli, vimepangwa kwa mafungu, bado vimefungwa kwa kamba ya katani kama vilivyotoka wizarani. Nikasogea. Vyote vilikuwa na jalada moja. Fungu la juu, la katikati, la chini, kitabu ni kilekile. Lakini sikuvunjika moyo, kwa sababu jaladani alichorwa sungura, amekaa, sikio moja limeinama, ana macho ya mtu mwenye mipango. Sie wote tumelelewa na hadithi za Sungura. Nikajua nimepata.

Jioni bibi alikaa tayari hata mchele hakuuchukua. Nikafungua ukurasa wa kwanza, ambao safari hii ulikuwepo. Nikasoma kwamba banda la sungura lijengwe mahali pasipo na upepo mkali.

"Anajificha," akasema bibi. "Kuna mtu kamkosea."

Nikasoma kwamba sakafu iwe ya fito ili mavi yadondoke.

"Mtego huo. Endelea."

Nikaendelea. Majani, maji, ukurutu wa masikio, namna ya kumshika bila kumvunja mgongo. Bibi alivumilia mpaka kwenye matumizi ya mbolea, ndipo akainama mbele.

"Fisi anaingia ukurasa wa ngapi?"

Nilifunua mpaka mwisho. Palikuwa na jedwali la uzito.

Kesho yake nilikirudisha. Mwalimu Mkuu alikikagua kwanza kona zote kama hakikuchakaa, kisha akaniuliza nimejifunza nini. Ofisini tulikuwa wawili tu, nikasema kweli.

"Tulimsubiri Fisi, mwalimu. Hakutokea."

Akasema hiyo inaonyesha sikusoma kwa makini, akakiweka kitabu kwenye fungu lake, akachomoa kingine, sungura yuleyule, sikio lilelile.

Nilikipokea kwa mikono miwili. Bibi alisema tusikate tamaa mapema, huenda Fisi yumo katika hicho.