Pambano la Pili la Kaka

Kaka yangu hakumbuki pambano lake la pili. Niligundua Jumatatu alasiri, kijiweni kwa muuza kahawa, hapa Temeke. Tulikuwa watu saba, na aliyegundua ni mimi peke yangu.

Ubishi ulikuwa uleule: mabondia gani wawili walipigana mara tatu zikanoga kuliko zote. Muuza kahawa, shabiki tangu enzi za redio, hutetea Wamarekani wazito wa zamani. Fundi viatu wa jirani hakubali hata siku moja.

"Mzee wangu, hao uliwasikia tu, hukuwaona," alisema. "Mie nakupa Wameksiko. Wadogo wale, lakini mkono haupumziki."

"Uzito wa kuku! Utawaweka na wanaume?"

Watu walicheka. Fundi akamgeukia kaka.

"Tuache ya mbali. Bingwa wetu na yule wa Manzese, kila mmoja keshashinda moja. Jumamosi wakimaliza la tatu, hapa hakuna tena cha kubishana."

Kaka alikuwa akiingoja Jumamosi hiyo kwa miaka miwili. Aliweka kikombe chini, akasimama kuonyesha alivyoshinda lile la pili.

"Raundi ya nne nikamsukumia kwenye kamba. Kushoto, kushoto tena. Akakaa!"

Wakapiga makofi. Mimi sikupiga.

Pambano hilo lilipigwa Tanga, na pale kijiweni, ukitutoa mimi na kaka, hakuna aliyekuwa huko. Kazi yangu kwenye kona ya kaka ni daftari: kila raundi naandika nani kapiga nini na wapi, ili mwalimu wake aje asome mazoezini. Raundi ya nne, aliyekaa chini alikuwa kaka. Mwamuzi alihesabu hadi nane. Akanyanyuka, akaja kushinda kwa pointi. Jumatatu hiyo usiku nilirudia kusoma daftari zima. Ile kushoto, kushoto haimo.

Lakini kabla ya hapo, tukiwa njiani kurudi nyumbani kutoka kijiweni, nilikuwa nimemuuliza polepole, "Kaka, si wewe uliyeanguka Tanga?"

Alicheka. Kisha akasimama, akanitazama.

"Nani kakwambia?"

Jana alinipa fomu ya daktari, ile inayopelekwa siku ya kupima uzito. Huwa namjazia mimi kwa sababu ya mwandiko wangu. Ya Tanga pia niliijaza mimi.

"Weka hapana zote, mdogo wangu, kama siku zote," alisema, akaenda mazoezini.

Nimeweka hapana tano. Swali la sita linauliza kama bondia amewahi kusahau mambo baada ya kupigwa kichwani. Chini yake pana nafasi ya maelezo, mistari miwili.

Fomu inatakiwa kesho saa tatu asubuhi. Ipo mezani, juu ya daftari, na la sita bado halijajibiwa.