Daftari Lilisema Watu Wawili

Sheria ya kumnyanyua shosho ilikuwa moja tu: watu wawili. Mmoja anaendesha mashine ya kunyanyulia, mwingine anamshika yeye, miguu isije ikagonga chuma. Lakini ajenti walioniajiri kutunza wazee majumbani walinituma peke yangu kila asubuhi, mabasi mawili kutoka Hodge Hill hadi Great Barr, hapa Birmingham. Nilipolalamika, yule wa ofisini akaniambia, "Si mjukuu wake yupo? Atakusaidia." Nikafyata mkia. Viza yangu ilikuwa mikononi mwao.

Shosho alikuwa mzungu wa miaka themanini na kitu. Nilimfundisha kwamba kwetu Kenya bibi huitwa hivyo, akalipenda jina. Naye aliniita "bab", kama wazee wa Birmingham wanavyomwita kila mtu. Mjukuu alikuwa kijana mwembamba, mpole, aliyejua napenda chai ya maziwa mengi. Nilimfundisha kusema "asante", akawa anaisema vizuri kuliko watoto wangu mwenyewe. Nilimpenda, na sitajifanya hapa kwamba sikumpenda.

Siku nyingine alikuwepo, siku nyingine hakuwepo. Asipokuwepo, nilimnyanyua shosho peke yangu, naye akiuomba mgongo wangu msamaha. Kisha nilifungua daftari la kazi, lile linalokaa juu ya friji, nikaandika: "Amenyanyuliwa na watu wawili. Mjukuu amesaidia." Maneno yaleyale, awepo asiwepo. Ningeandika nilikuwa peke yangu, ningefukuzwa mimi, si aliyenituma. Kwenye kazi hii tunafundishwa kwamba kisichoandikwa hakikutendeka. Hakuna aliyenionya juu ya kinachoandikwa ilhali hakikutendeka.

Siku moja tukimfunga shosho mikanda, kijana akaniuliza mimi husali wapi. Haki, mdomo wangu hauna breki! Nikamwambia: ukumbi ule nyuma ya maduka, Jumapili saa nne, Wakenya na Wakongomani, watoto wengi, mlango haufungwi. "Karibu sana," nikamwambia. Nililelewa hivyo: ukimtajia mtu kwako, unamkaribisha. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Akasema asante.

Miezi michache baadaye nilifika nikakuta utepe wa polisi getini. Mjukuu alikuwa ameshachukuliwa alfajiri. Walikuwa wale wa kupambana na ugaidi, wakishusha kompyuta na masanduku kutoka chumba cha juu. Shosho alikuwa bado kitandani, amelowa, chai hajapata, anauliza kila mtu viatu vya kijana viko wapi, maana wamemtoa na soksi tu. Nikawaka. Nikamwambia askari mmoja mwanamke avue glavu zake aje anisaidie. Akaja. Asubuhi hiyo niliandika watu wawili, na ilikuwa kweli. Kisha akalichukua daftari.

Mashtaka yalisema alipanga kuchoma moto mahali wanapokusanyika wageni. Kwenye simu yake kulikuwa na picha za mlango wetu. Wetu, ule wa ukumbi, umepigwa kutoka pande tatu, asubuhi ya Alhamisi fulani. Wakili wake akadai siku hiyo simu alikuwa nayo rafiki. Kijana mwenyewe alikuwa nyumbani, akimsaidia bibi yake. Ushahidi? Mwandiko wangu.

Nilikaa na jambo hilo usiku na mchana. Nikishikilia nilichoandika, kazi inabaki, viza inabaki, na huenda shosho akarudishiwa mjukuu wake. Nikisema ukweli, nimejimaliza mwenyewe, na kijana pamoja nami. Ajenti waliendelea kunituma pale, maana hawakuwa na mtu mwingine. Asubuhi ya mwisho kabla ya mahakama, shosho alinishika mkono nikimfuta uso. "Sema ulichoandika, bab," akasema. "Basi. Ulichoandika tu."

Mahakamani kijana alikaa nyuma ya kioo, amevaa suti iliyompwaya. Nilipopanda kwenye kizimba cha mashahidi alinitazama, midomo ikacheza. Asante.

Wakili wake akanionyesha ukurasa wa Alhamisi ile. Mwandiko huu ni wako? Ni wangu. Na siku hiyo alikusaidia, kama ulivyoandika?

"Sijui," nikasema.

Akatabasamu, akidhani sikuelewa Kiingereza chake. Akauliza tena polepole, kama unavyomsemesha mtoto. Hapo ndipo yalipotoka yote. Nikawaambia niliandika hivyo kila siku, awepo asiwepo. Nikawaambia nilimnyanyua mwanamke mzee peke yangu mara nyingi, kinyume cha sheria, nikalitia jina la mjukuu wake kwenye uongo wangu. Jaji akaacha kuandika. Juu kule, kwenye viti vya watazamaji, shosho alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu, na sikuthubutu kuinua macho.

Kijana alipatikana na hatia, akapewa miaka mingi. Kulikuwa na mengine dhidi yake, ujumbe wa simu, mafuta aliyonunua. Si mimi peke yangu. Hivyo ndivyo kila mtu anavyoniambia. Lakini mimi niliona nyuso za wale raia kumi na wawili wa jopo la kuamua kesi nilipokuwa nikisema. Na kuna swali linaloniandama hadi leo, hata nikikatakata sukuma wiki: je, ungekuwa mlango wa kanisa la watu wengine, ningeusema ukweli ule? Nilikuwa na hasira, jamani. Aliinywa ile "karibu" yangu kama chai.

Siku hizi tunafunga mlango ibada ikianza. Mimi hukaa nikiutazama. Watoto wanauliza kwa Kiingereza kwa nini wasitoke kucheza, nami najifanya sikusikia.

Ajenti walinisimamisha, wakanipa onyo, wakanirudisha darasani kujifunza kunyanyua. Kisha nikasikia shosho ananitaka mimi, hataki mwingine. Nikarudi, safari hii tukiwa wawili kweli. Tukamnyanyua, tukamweka dirishani. Mwenzangu alipokwenda kuosha vyombo, nikashindwa kujizuia.

"Shosho, Alhamisi ile. Alikuwepo?"

"Polisi nao waliniuliza," akasema. "Nikawaambia ni uzee, nimesahau."

"Umesahau kweli?"

Alielekeza kidole kwenye daftari jipya. "Andika, bab."

Nikaandika: amenyanyuliwa na watu wawili.

"Maliza," akasema. "Zamani ulikuwa unamwandika na yeye."

Nikaandika: mjukuu hayupo. Akaniambia nimsomee, nikamsomea. Akaniambia nirudie.