Divai ya Mlimani Kwa Mama

Nilipoanza kuuza divai katika duka moja la Kitengela, nilikuwa nimekariri maneno ya kuisifu bila kuyaamini. Kulikuwa na chupa moja ya divai nyekundu, ya zabibu zilizokuzwa mlimani, iliyohifadhiwa katika mapipa ya mbao miaka kumi na miwili. Kila mteja aliponiuliza ikoje, nilibabaika. Mwishowe niliinunua mwenyewe nikaipeleka Kajiado kwa mama, mfugaji ambaye hakuwahi kuonja divai maishani.

"Hii ni pombe?" aliniuliza.

"Ni ya zabibu, Yeyo," nilimjibu, nikimwita mama kwa lugha yetu. "Onja kidogo tu."

Aliinusa kwanza, kama anavyonusa kibuyu kabla ya kutia maziwa, kisha akanywa. Nami nikanywa. Mwanzoni ilikuwa kali, ikakausha ulimi, halafu ikalainika na kuacha harufu ya moshi na ngozi.

"Hii imekaa ndani ya mti," alisema. "Na huko ilitoka kuna baridi na mawe. Mmea ulioshiba maji haupati nguvu hivi."

Sikuwa nimemwambia lolote kuhusu mapipa wala mlima. Lakini yeye hufukiza vibuyu vyake kwa vijinga vya mzeituni wa porini, na ladha ambayo mti huacha anaijua vizuri kuliko mimi.

Aliomba kikombe cha pili, akakinywa polepole na nyama ya mbuzi.

Siku hizi mteja akiniuliza, namweleza vile mama alisema, na ninaamini kila neno.