Siku ya Kuangusha Mlingoti

Jirani anapasua mbao, na harufu ya petroli iliyochanganyika na utomvu wa mlingoti, yaani mkaratusi, imenirudisha utotoni.

Nilikuwa msichana mdogo. Baba na mdogo wake walikuwa wakiangusha mlingoti nyuma ya nyumba yetu, kijijini Isansa. Baba alizima msumeno wa chenso.

"Vaa helmeti. Kuna tawi kavu huko juu."

"Kaka, helmeti ni ya wenye vichwa laini," baba mdogo alijibu akicheka.

"Basi ujue utakimbilia wapi."

Chenso ikanguruma tena. Mti ulipoanza kuinama, tawi lile lilikatika, likampiga baba mdogo kichwani. Alianguka kifudifudi, damu ikimchirizika shingoni.

Baba alimgeuza, akaanza kumpiga makofi mashavuni kwa nguvu zake zote. "Amka! Nilikwambia nini? Amka!" Alimpiga huku akilia, mpaka mama alipomvuta na kulifunga jeraha kwa chitenge chake.

Hatimaye baba mdogo alifumbua macho, akapapasa shavu lililovimba.

"Kaka, mti umenipiga mpaka huku."

"Ndiyo, mdogo wangu," baba alijibu, akificha mikono yake mgongoni.