Jinsi tulivyoiondoa radoni chini ya chumba changu (baba alidhani tumepata gesi kama ya Mtwara)

Wakuu, shikamooni wanaostahili, na wengine mambo vipi.

Mimi ni msomaji wa kimyakimya humu. Huu mwaka wa pili na sijawahi kuandika hata "sawa". Nina miaka kumi na sita, ni mwoga wa kuongea, mambo yangu huishia kwenye daftari. Hili nimelitoa daftarini kama lilivyo. Sijaongeza chumvi, na sehemu za aibu nimeziacha humohumo.

Twende.

Tunaishi Märsta, kaskazini mwa Stockholm. Baba anapakia mizigo uwanja wa ndege, mama anahudumia wazee. Zamani tulikuwa ghorofani Rinkeby, mimi na wadogo zangu wawili wa kike tumebanana chumba kimoja. Mwaka juzi wazazi wakapata nyumba. Ya zamani, lakini ina basement.

Na basement ina chumba. Nikapewa mimi.

Mliokulia na vyumba vyenu sijui kama mtanielewa. Wiki ya kwanza nilikuwa nafunga mlango na kuufungua, nafunga na kufungua, basi tu, kusikia kitasa.

Majira ya baridi mama akaambiwa kazini kwake kwamba nyumba za zamani huku zinapimwa radoni. Tukaagiza vidude viwili vyeusi, vya duara, kama makopo ya dawa ya viatu. Kimoja sebuleni, kimoja chumbani kwangu. Vinakaa miezi miwili, kisha unavirudisha maabara kwa posta.

(Kuna siku mama alikuwa na wageni wa jumuiya, akaviona vinachafua nyumba, akavifungia kabatini. Nikavirudisha mahali pake kabla hajamaliza kukaanga sambusa.)

Barua ya majibu ikaja. Kwetu barua zote nasoma mimi, maana Kiswidi cha ofisini kinawachosha wazazi. Nikaisoma nimesimama jikoni, nikatafsiri harakaharaka nirudi zangu chini.

"Wanasema kuna gesi inatoka ardhini, chini ya nyumba."

Baba akaweka kikombe mezani.

Wakuu, baba yangu kwao Mtwara, kule kwenye gesi asilia. Anayejua anajua.

"Gesi? Chini ya nyumba yangu?"

"Ndiyo baba. Hasa chini ya chumba changu."

"Nyingi?"

"Zaidi ya mara nne ya kiwango."

Mzee akainuka, akaizunguka meza, akacheka peke yake. Mimi sina habari. Neno radon nilikuwa naliona pale kwenye karatasi, lakini maana yake sikuijua, na niliona aibu kusema sijui.

Akampigia Mzee Kato, rafiki yake Mganda anayekaa Hagsätra, simu ikawekwa loudspeaker.

"Kato! Ile ya kwetu bomba lilipita likaenda zake Dar, sisi tunapunga mkono. Hii haitoki hapa mpaka nikae mezani na hao wenye makampuni!"

"Eeh, wewe Mmakonde! Gesi imekufuata mpaka kwa Wazungu? My friend, mimi nitakuwa dereva wako."

"Udereva umejaa. Labda ulinzi wa geti."

Walicheka wee. Mama ndiye pekee aliyeuliza, "Sasa kama ni gesi, mbona hainuki?"

Swali hilo likanichoma. Nikashuka chumbani nikaanza kutafuta. Nikasoma mara tatu.

Radoni si ya kupikia. Inatokana na urani iliyomo kwenye mawe na udongo. Haina rangi, haina harufu. Unaivuta miaka na miaka, na inaweza kukuletea saratani ya mapafu. Mara nyingi inakuwa nyingi zaidi chini kabisa ya nyumba, yaani palepale kitandani nilipokuwa nimekaa nasoma.

Nikapanda ngazi, nikamwambia baba nimekosea, nikaeleza yote. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliangalia sakafu, halafu akasema:

"Leo unahama huko chini. Unarudi kwa wadogo zako. Mlango ule naupiga misumari."

Nikaanza kumjibu kwa Kiswidi. Nikikasirika Kiswahili kinanikimbia.

"Mama'angu," akasema (nimerithi jina la mama yake), "usinililie kwa lugha ya ofisini. Nililie kwa yetu."

Basi nikalia kwa yetu. Nikamwambia dawa ipo, watu wanaweka mtambo wa kuifyonza.

"Nani atawapigia simu hao watu? Mimi na maneno hayo hatujuani."

"Mimi."

Mimi, ambaye darasani nikiitwa jina naangalia viatu.

Niliandika maneno ya simu kwenye daftari, mpaka salamu. Kampuni ya kwanza mtu akasema "hej", nikakata. Ya pili nikasoma maneno yangu yote bila kupumua, kumbe naongea na mashine. Ya tatu alipokea mama mmoja mpole, akaningoja nimalize.

Akaja fundi, tumwite Lasse. Safari hii niliapa sitatafsiri neno nisilolielewa. Nilimsimamisha mara saba kuuliza, nimehesabu.

Maelezo yake ni haya: nyumba ikiwa na joto, hewa inapanda juu, kwa hiyo nyumba inafyonza hewa ya udongoni kupitia nyufa za sakafu. Unachofanya ni kutoboa sakafu, kuchomeka bomba linalopanda mpaka juu ya paa, na kuweka feni inayofyonza hewa ya chini ya sakafu kabla nyumba haijaifyonza. Wanaiita radonsug.

Baba akatikisa kichwa kukubali. "Yaani tunampa mgeni mbaya mlango wa uani, asipite sebuleni."

Sijasoma popote maelezo mazuri kuliko hayo.

Lasse akatoboa tundu chumba cha kufulia, akaunganisha pampu ya majaribio, akaanza kupima kama mvuto wake unafika sehemu mbalimbali chini ya sakafu. Kufulia safi. Koridoni safi. Chumbani kwangu kipimo hakisogei kabisa.

Akajaribu tena. Wapi.

Akakuna shingo, akasema pengine sakafu ya chumba hiki ilimwagwa peke yake. Feni itasaidia nyumba nzima, ila chumba hiki kingefaa kuwa stoo.

"Anasemaje?" baba akauliza.

Wakuu, niwe mkweli. Nilitaka kutafsiri kingine. Hakuna ambaye angejua.

"Anasema chumba changu kiwe stoo."

Baba akauangalia mlango. Nikajua anawaza misumari.

Hapo nikakumbuka soksi. Soksi zikidondoka nyuma ya kabati la nguo, nikiziokota zinakuwa na baridi kuliko kitu chochote chumbani. Nilidhani ni Sweden tu.

Nikasema nyuma ya kabati kuna upepo. Sauti haikutoka. Lasse akasema "va?", yaani nini? Nikarudia, safari hii nikapiga kelele mpaka mama akachungulia kutoka juu.

Wakasogeza kabati. Ukutani chini kulikuwa na kipande cha ubao, na chini ya ubao tundu la ukubwa wa kisosi, sakafuni, ambapo zamani lilipita bomba la boila ya mafuta. Lasse akawasha kimoshi kidogo cha kupimia. Moshi wote ukazama tunduni kama umeitwa.

Kumbe pampu ilikuwa inafyonza hewa ya chumbani kupitia lile tundu. Ni kama kunywa soda kwa mrija uliotoboka, unavuta na hupati kitu.

Akaliziba kwa saruji, akapaka na gundi ya kuzuia hewa kwenye nyufa zote. Ilipokauka akarudi kupima.

Kikasogea! Jamani, kikasogea!

Lasse akamgeukia baba, akasema huyu binti angefaa kufanya kazi kwao. Baba hakuniomba tafsiri.

Bomba likafungwa, feni ikawekwa darini. Lakini kipimo rasmi kinafanywa msimu wa baridi, kwa hiyo nilingoja juu miezi yote ile, mdogo wangu wa mwisho ananipiga mateke ya mbavu.

Barua ya pili niliisoma polepole. Kiwango cha kuchukua hatua ni bekereli mia mbili kwa mita ya ujazo ya hewa. Mwanzo chumbani kwangu palikuwa na mia tisa na ushee. Safari hii, sabini.

Mama akapiga kigelegele, jirani Mswidi akafungua dirisha kuangalia kuna nini.

Jumamosi mchana nikahamisha vitu vyangu. Nimekaa kitandani, nikasikia mtu anashuka ngazi, akasimama nje ya mlango.

"Hodi."

Alikuwa baba. Baba yangu hapigi hodi ndani ya nyumba yake, anafungua tu huku anaongea.

"Karibu, baba."

Akaingia, akaangalia kila pembe, akasema, "Chumba chako kizuri." Akatoka, na mlango akaufunga mwenyewe.

Nilichojifunza: mtoto unayewatafsiria wazazi, neno usilolijua sema hulijui. Aibu ya "sijui" inaisha dakika moja. Na mwenye nyumba yenye basement huku, pima, pua yako haitakuambia.

Waliokwisha kuweka radonsug, feni zenu zinalia vipi? Yangu inavuma kidogo upepo ukiwa mkali. Uliza chochote, nitajibu. Kwa kuandika siogopi sana.